Jina na Nukta: Juu ya Kutafuta Mahali pa Kale pa Ng'ambo kwa Ramani

Kazi ya kutafuta mahali palipopata kuandikwa na wapimaji na wasafiri wa zamani, kisha pakapotea chini ya mji wa leo, imekuwa nyepesi sana katika miaka hii. Mtafiti huchukua ramani ya karne ya 19, huipiga picha, huiingiza katika kompyuta, kisha huilaza juu ya picha ya mji iliyopigwa kutoka angani. Unguja imebahatika kwa jambo hili. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walianza kuvipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni, na picha zile zaonyesha paa moja moja. Mwaka 2019 kikatoka kitabu kiitwacho Ng'ambo Atlas, kazi ya Idara ya Mipango Miji na Vijiji ya Zanzibar pamoja na wasanifu wa African Architecture Matters wa Uholanzi, ambacho kimekusanya ramani za vipindi mbalimbali vya upande ule wa mji uliozoea kusahauliwa. Kwa hiyo atakaye kusema neno juu ya Ng'ambo leo hana udhuru wa kukosa ramani.

Makala haya hayapingi ramani. Nataka kuhakiki desturi moja tu ambayo imeingia pamoja nazo, nayo ni kulitazama jina lililoandikwa juu ya ramani ya kale kana kwamba ni kibandiko cha chupa, kitu cha kubandikwa na kubanduliwa, na kuutazama mstari uliochorwa kana kwamba ndio ushahidi wenyewe. Katika Mji Mkongwe pengine desturi hii haina madhara makubwa. Katika Ng'ambo ina madhara, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Ili ramani mbili zilazwe pamoja, yahitajiwa nukta za kushikizia, yaani mahali panapojulikana kwa hakika katika ramani ya kale na katika mji wa leo. Tuchukue ramani tunazozitegemea. Kapteni Guillain, mwanamaji wa Kifaransa, alikuwa Unguja katika miaka ya 1840, na ramani yake ya mji ya 1846 yaonyesha rasi yenye nyumba za mawe, na ng'ambo ya hori nyumba chache. Ramani kubwa ya 1892, iliyopimwa na Imam Sharif Khan, mpima ardhi wa Kihindi, yaonyesha pande zote mbili. Sasa tujiulize: katika ramani hii ya 1892, ni vitu gani vilivyosimama mpaka leo bila ya kusogea? Ngome Kongwe, kanisa la Mkunazini, lililowekewa jiwe la msingi mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, Beit al-Ajaib ya 1883, ambayo ijapokuwa sehemu yake ilianguka Desemba 2020, msingi wake wajulikana, misikiti ya mawe ya Malindi na mitaa mingine. Karibu zote zimo upande wa magharibi wa hori. Upande wa mashariki nyumba zilikuwa za miti na udongo, zilizoezekwa makuti. Zilibomoka, zikajengwa tena hatua chache kando, na katika miaka ya 1970 majumba marefu ya Michenzani yakapasua mitaa hiyo kama mkasi upasuavyo nguo.

Matokeo yake mtu aweza kuyaona kwa khanga iliyobanwa upande mmoja tu wa kamba. Upande uliobanwa umetulia. Upande wa pili wapepea. Ramani ya 1892 imebanwa kwa mawe ya Mji Mkongwe, na Ng'ambo ndio upande upepeao. Kosa dogo la pembe katika nukta za Ngome na Mkunazini huwa kosa kubwa kadiri tunavyokwenda mashariki, na kompyuta, ambayo haina haya, huendelea kuandika tarakimu sita baada ya nukta ya desimali kule kule ambako hatuna haki hata ya tarakimu nne. Wengine hutaka kuusaidia upande huu kwa kuushikiza katika ukingo wa hori. Walakini hori ile ilijazwa hatua kwa hatua katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na kazi ikamalizika 1957, ukingo haupo. Na hata ulipokuwapo, mpimaji alikuwa hapimi ukuta bali alipima maji. Aliupima siku ya bamvua au siku ya maji mafu? Katika nchi tambarare ya matope na mikoko, tofauti ya siku hizo mbili ni tofauti ya mtaa mzima.

Basi kama mawe hayako, na ukingo hautegemeki, kimebaki nini upande wa mashariki ambacho kimo katika ramani ya kale na kimo pia katika mji wa leo? Yamebaki majina. Na jina likitumiwa kama nukta ya kushikizia, hapana budi lichunguzwe kama mpimaji achunguzavyo jiwe lake la mpaka: limekaa wapi, limekaa kwa upana gani, na lina tabia ya kuhama au halina.

Tuanze na Ng'ambo lenyewe. Kwa maana yake ya asili neno hili halitaji mahali, lataja uhusiano. Kila ng'ambo ni ng'ambo ya kitu fulani, na ni ng'ambo kwa mtu aliyesimama upande fulani. Sisi tuliosomeshwa Ulaya tulikwenda ng'ambo pia, wala hatukuvuka hori ya Darajani. Katika jina la mji wa Unguja maneno "ya hori" yameanguka, na pamoja nayo ameanguka msemaji. Lakini msemaji huyo tunamjua, ni mtu wa rasi, aliyekuwa akitazama mashariki. Jambo hili si la falsafa tu. Mwandishi wa karne ya 19 akiandika kuwa kisima au kaburi fulani liko "ng'ambo", maana yake ni ule ukanda aliokuwa akiuona mbele yake akisimama penye daraja. Hamaanishi nchi iendayo mpaka Mwembe Makumbi. Leo jina limeenea juu ya mitaa ambayo enzi zile ilikuwa mashamba, na mtafiti anayechukua mpaka wa Ng'ambo wa sasa kuwa uwanja wa kutafutia taarifa ya 1860 ameongeza kazi yake mara nyingi bila ya sababu.

Kuna tena shida ya maandishi, ambayo wanaisimu huidharau na mafundi wa kompyuta hawaijui. Sauti ya kwanza ya neno hili, ng', haiko mwanzoni mwa maneno ya Kiingereza wala ya Kifaransa. Wageni waliandika Ngambo, bila ya alama, kama kwamba lasomwa sawasawa na ngamia. Burton, aliyefika Unguja mwishoni mwa 1856, aliiita lugha yenyewe Kisawahili; tusishangae basi akiandika majina ya mitaa kwa sikio hilohilo. Leo hifadhi za data zina Ng'ambo yenye alama iliyonyooka, Ng'ambo yenye alama iliyopinda, na Ngambo isiyo na alama, na mashine huyahesabu kuwa majina matatu. Mtu akitafuta moja hupata theluthi ya ushahidi wake, naye hudhani amepata wote.

Sasa nije kwenye jina ambalo kwangu mimi ndilo fundisho kubwa, nalo ni Kisiwandui. Leo ni mahali panapojulikana sana, pa ofisi za chama na kaburi la Rais wa kwanza, Sheikh Abeid Amani Karume. Pako upande wa mashariki, si mbali na ukingo wa hori ya zamani. Jina lagawanyika bila ya taabu: kisiwa na ndui, na katikati kimeanguka kiunganishi cha. Kuanguka huku ni kawaida ya majina ya Unguja: Kisima Majongoo ni kisima cha majongoo, na Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri yote yametengenezwa kwa kalibu hiyohiyo. Kiunganishi kikisha kuanguka na maneno mawili yakawa neno moja lenye mkazo mmoja, twajua kwamba jina limetumika kwa muda, na kwamba watu waliacha kulifikiri kama maelezo.

Mtu wa ramani akitazama Kisiwandui ya leo haoni maji. Atasema jina ni hadithi ya wazee. Hapa ndipo ninapomshika shati. Kwa mtu wa pwani, kisiwa hakikomi kuwa kisiwa kwa sababu maji hupwa. Uzi, kusini ya Unguja Ukuu, ni kisiwa kwa kila mtu, na yakipwa maji watu huvuka kwa miguu. Palipokuwa na hori yenye matope na vijito, uwanda ulioinuka kidogo na kuzungukwa na maji ya kujaa ulistahili jina hilo kabisa. Basi jina latoa habari ya umbo la nchi ambayo mstari wa mpimaji, aliyepita siku moja ya mwezi, huenda haukuichukua. Na habari hii yaweza kupimwa. Picha za droni huleta pia vipimo vya kimo cha ardhi. Pakionekana mwinuko mdogo katikati ya nchi iliyo chini zaidi, basi jina limekuwa jiwe la kushikizia, na ramani ya 1892 yaweza kunyooshwa kwalo. Kimo cha leo, bila shaka, kimeharibiwa na vifusi na barabara. Illa kuchimba vishimo vichache na kutazama tabaka za matope si kazi kubwa wala ya gharama.

Walakini nawaonya wenzangu wa upande wa pili pia. Kutoka katika sehemu ya kwanza ya jina tumepata umbo la ardhi. Wengi hutaka kupata kutoka sehemu ya pili makaburi. Husemwa kwamba wagonjwa wa ndui walitengwa hapo, na jambo hilo laingia akilini, kwa kuwa kutenga wagonjwa mahali palipozungukwa na maji ni hekima ya kawaida. Lakini sarufi haituambii hivyo. Kiunganishi -a cha Kiswahili ni kipana mno: kisiwa cha ndui chaweza kuwa cha kutengea wagonjwa, au cha kuzikia, au mahali palipopigwa na ndui mwaka mmoja jina likabaki. Vivyo hivyo kisima cha majongoo hakisemi kama majongoo walikuwa ndani, au njiani, au katika mzaha wa mtu. Mchimbaji akitafuta mifupa kwa nguvu ya silabi mbili, amelitwisha jina mzigo usio wake. Ushahidi wa maradhi hutafutwa kwa waandishi wa maradhi, kama Daktari James Christie, aliyekuwapo wakati wa kipindupindu cha 1869 na 1870 na kuandika kitabu chake mwaka 1876. Yeye aliyafuata maradhi mahali kwa mahali, na kazi ya namna hiyo ndiyo ya kuweka kando ya jina.

Tofauti nyingine ambayo ramani za leo haziijali ni ile iliyopo kati ya Mwembetanga na Miembeni. Jina la kwanza lina mti mmoja, wala halina -ni. Ni nukta: hapa palikuwa na mwembe, na waliolitoa jina waliweza kuushika shina kwa mkono. La pili lina miti mingi na kiambishi cha mahali. Ni eneo, na ukingo wake ni pale kivuli kinapokwisha. Majina kama Mkunazini na Darajani yamo kati: kitu ni kimoja, lakini -ni yasema penye kitu na kandokando yake. Darajani, kwa bahati njema, ni jina lililokataa kuondoka pamoja na daraja lake. Soko la 1904 likajengwa karibu nalo, na mpaka leo lakaa pale pale. Ningekuwa mimi mchora ramani, ningeliamini Darajani kuliko ukingo wowote wa hori. Mwembetanga ningelipa duara dogo, na Miembeni duara kubwa. Badala yake naona katika ramani nyingi majina yote matatu yamepewa nukta moja moja, zenye ukubwa mmoja na rangi moja.

Kiambishi -ni kina ila yake vilevile, kwamba hunyooka kama mpira. Michenzani ni mahali penye michenza, na hapana mtu atakayeniambia kwamba jina lilitokana na zege. Leo Michenzani ni njia panda kubwa, ni majumba marefu ya kila upande, ni mnara na maduka. Jina la mtaa mdogo limevutwa mpaka likafunika mitaa ya jirani, ambayo majina yake sasa hutamkwa na wazee tu. Shehia nazo zimefanya kazi hiyohiyo kwa njia ya serikali: jina la mtaa mmoja likawa jina la eneo lenye mipaka rasmi, na mtafiti akilipata katika orodha hudhani mpaka huo ni wa kale. Lakini orodha ileile ya shehia imetuhifadhia pia mambo ya thamani. Kikwajuni Juu na Kikwajuni Bondeni, Kilimahewa Juu na Kilimahewa Bondeni: hizo ni alama za kimo zilizowekwa na watu wanaopanda na kushuka kwa miguu, na hakuna barabara ya lami iliyoweza kuzifuta.

Kundi gumu kuliko yote ni la kwa: Kwahani, Kwaalinatu, Kwamtipura, Kwabiziredi, Kwamtumwajeni. Hapa jina halikushika mti wala kisima. Limeshika mtu, na mtu huhama, hufa, huuza. Garth Myers, mwanajiografia wa Kimarekani, aliandika mwaka 1996 juu ya majina ya mji huu na nguvu za watawala, na kazi yake ilifungua mlango. Lakini aliuliza majina yasema nini, hakuuliza yakaa wapi, nasi hatuna budi kuuliza la pili. Maandishi ya siku hizi, yanayounganisha kwa na jina la mtu, yamezidisha giza. Katika Kwaalinatu mtu aweza bado kumwona Ali. Katika Kwahani msikilizaji wa leo aweza kusikia kitenzi hani, cha kuwapa pole wafiwa, akaanza kutafuta mahali pa matanga. Sarufi haimsaidii. Kwa ya mahali hutangulia mtu, nayo humaanisha nyumbani kwake au mali yake. Mahali pa kuhania pangeitwa kwa kalibu nyingine. Nadhani basi tunamtafuta mtu aliyeitwa Hani, wala si msiba.

Wapwani wenzetu wa kaskazini wametuonyesha namna jina linavyoweza kumpoteza mtafuta mji. Mombasa, jina Mji wa Kale leo huwapeleka wageni kwenye mitaa ya karibu na Ngome ya Yesu. Hamo Sassoon alipochimba mwaka 1976, alichimba kaskazini zaidi, katika kiwanja cha Hospitali Kuu ya Pwani, na huko ndiko alikokuta tabaka za mji zirudizo nyuma mpaka karne ya 11 hivi. Upande mwingine wa kisiwa, Wareno waliuandika katika ramani zao mji wa Tuaka. Wakilindini, watu wa upande ule, walihamia Mvita na jina lao wakaenda nalo. Jina la mahali likabaki nyuma na kuangukia bandari. Kwa hiyo kuna Kilindini ya watu na Kilindini ya maji, na mtafiti akiona neno hilo katika maandishi lazima aulize ni ipi kabla ya kugusa ramani.

Narudi Ng'ambo, kwa kuwa huko ndiko wakati unakotubana. Sheria ya kuhifadhi majengo ya kale ya Zanzibar, iliyotungwa 1927, hulinda mahali palipotajwa na kutangazwa. Urithi wa dunia uliotangazwa mwaka 2000 ni wa Mji Mkongwe. Kisima au makaburi ya Ng'ambo hayana ulinzi mwingine isipokuwa mtu aweze kusema, kabla ya tingatinga kufika, pale palipo. Katika Kwahani nyumba za zamani zimekwisha kubomolewa kupisha majengo ya ghorofa. Nukta iliyokosewa kwa mita 60 katika mtaa kama ule ina maana ya kuchimba chini ya nyumba isiyohusika, na kumwaga zege juu ya ile inayohusika, huku kila mtu akiwa na ramani nzuri mkononi.

Kwa majina ya kwa, ushahidi wa kumkamata mtu mwenyewe upo, nao haumo katika ramani. Ng'ambo ilikuwa nchi ya wenye ardhi na wapangaji wa viwanja. Laura Fair ameeleza katika kitabu chake cha 2001 mgomo wa kodi ya viwanja wa 1928, na ugomvi wa namna hiyo huacha karatasi nyingi. Kuna pia hati za wakfu na za mauziano katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, kule Kilimani. Hati kama hizo hutaja kiwanja kwa majirani wake wa pande nne, na jirani ni mtu mwenye jina: ndiye huyohuyo ambaye mtaa ulimwita kwa fulani. Hati nne au tano zinazogusana hufunga mahali kwa uthabiti kuliko ramani iliyobanwa upande mmoja. Tahadhari moja tu kwa atakayezisoma kwa kutegemea kamusi. Akikuta upande wa kibla, asigeuze uso mashariki, kama wafanyavyo watu wa Afrika Magharibi. Unguja kibla ni kaskazini, na hati yote huzunguka kwa neno hilo.